Barua kwa mwanangu: Nenda kasome, utabaki muuguzi

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako nimeusoma, na baba yako nimemsomea. Unasema mbele yako kuna shahada mbili za uzamili: moja ya uuguzi wa wodini, nyengine ya infomatiki ya afya, yaani kusomea taarifa za wagonjwa na mifumo ya kompyuta inayozibeba. Unauliza: "Mama, nikichukua hii ya pili nitakuwa bado muuguzi, au nitageuka karani?"

Chukua hii ya pili. Na muuguzi utabaki.

Chama cha wauguzi wa Marekani kililitambua somo hili kuwa tawi la uuguzi tangu 1992, kwa hiyo si jambo la jana. Lakini mimi naliamini kwa niliyoyaona hapa kwetu. Wewe ulikuwa bado skuli pale vituo vya afya vya Zanzibar vilipoanza kutuma hesabu za malaria kwa simu, mwaka 2008. Muuguzi anapima kwa kipimo cha haraka, anaandika kwenye rejista, na kila wiki anabonyeza namba kwenye simu ya kawaida: wamekuja wangapi, wamepimwa wangapi, wamekutwa na malaria wangapi. Zamani hesabu hizo zilikwenda kwa karatasi, na mpaka zijumlishwe homa imeshaenea mtaani. Kuanzia 2012 ikawa akipatikana mgonjwa mmoja tu, afisa wa wilaya anapata habari kwenye kifaa chake, anafuata mpaka nyumbani, anawapima na wenzake wa nyumba ile. Vyandarua, dawa na upuliziaji vilifanya kazi kubwa, hilo halina ubishi. Ila ugonjwa ukishapungua, hao wachache waliobakia utawajuaje walipo bila ya taarifa? Na taarifa ile iliandikwa na muuguzi.

Sasa kwa nini nataka uende wewe, na kazi hii wasiachiwe mafundi wa kompyuta peke yao. Katika hospitali moja, ambayo sitaitaja, waliletewa mfumo mpya wa kusajili wazazi. Skrini haikubali kusonga mbele mpaka uingize siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Mzazi kaletwa usiku kutoka shamba, uchungu umeshakolea, mwaka wake wa kuzaliwa anaukisia, siku haijui. Mkunga afanye nini? Anaandika tarehe 1 Januari, mwaka wa kubahatisha, ili apate kumshughulikia mama. Wakajaa kwenye kompyuta ile wanawake waliozaliwa 1 Januari. Na umri kwa mjamzito ni jambo kubwa: msichana wa miaka 16 na mama wa miaka 40 wote ni wa kuangaliwa kwa jicho jengine. Aliyeitengeneza skrini ile hakuwa mtu mbaya, ila hajawahi kusimama leba usiku. Angekuwepo muuguzi pale mezani, angesema mara moja: wekeni nafasi ya "umri wa kukadiria," tumalize.

Na chati ya uzazi unaijua mwenyewe. Mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, njia inavyofunguka, presha ya mama. Ukiitazama tu unaona mstari unaelekea kubaya, unamwita daktari. Nimeona fomu za kompyuta zilizoikatakata chati hiyo vipande kurasa nne, mkunga haoni tena mwendo wa uchungu kwa pamoja. Hilo linaniuma kweli.

Kuna na majina. Kliniki ya wajawazito asubuhi moja utaita Fatma Ali, watainuka watatu. Ukikosea faili, umempa mtu damu ya mwenziwe. Na siri: kisiwa chetu kidogo, kila mtu ni jamaa wa mtu. Majibu ya virusi vya UKIMWI yakisomeka na kila aliye na neno la siri, mama yule harudi kliniki tena. Nani afungue faili gani, na mfumo uweke kumbukumbu ya kila aliyefungua, hayo nataka uyasome kwa bidii kuliko yote.

Ukichagua chuo, tazama kama wanakupeleka hospitalini kwa vitendo na kama miongoni mwa walimu kuna wauguzi. Kama ni darasani na kwenye kompyuta tu, kiache, hata kikiwa na jina. Takwimu usizikimbie. Jifunze na DHIS2, mfumo uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo, maana ndio unaokusanya ripoti zetu za afya. Leseni yako ya uuguzi usiiache ikamalizika muda, na ukipata zamu za mwisho wa wiki zifanye.

Ruhusa ya masomo iwe ya maandishi, na ndani yake itajwe habari ya mshahara. Usiondoke kwa ahadi ya mdomo. Mtoto mlete huku Wete, nafasi ipo na skuli iko karibu. Mumeo mwambie mapema, akae na baba yako walizungumze kabla fomu hazijafungwa.

Mama yako