Krismasi ikikukuta na msiba: je, ni dhambi kutoshangilia?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Kasisi. Mimi ni mama wa kanisa hapa Malindi. Mume wangu alikuwa mvuvi. Alitoka na wenzake majira ya kusi mwaka huu, chombo kikapinduka, na yeye hajaonekana mpaka leo. Sasa mashemeji wanasema nipike pilau na kuwavisha watoto nguo mpya kama kila mwaka, eti kuhuzunika siku ya kuzaliwa Mwokozi ni kukosa imani. Nimesikia kuna makanisa yanayofanya ibada ya pekee kwa wenye majonzi kabla ya Krismasi. Je, inakubalika? Na sisi akina mama tukitaka kuiandaa, tuifanyeje?

JIBU: Amina, mama. Pole sana kwa msiba.

Si dhambi. Anayesema machozi ya Desemba ni kukosa imani hajaisoma habari ya Krismasi hadi mwisho. Katika Mathayo 2 Herode anaua watoto wa Bethlehemu, na mwinjili anamtaja Raheli akiwalilia watoto wake, “asikubali kufarijiwa, kwa kuwa hawako.” Kanisa huwakumbuka watoto hao tarehe 28 Desemba, siku tatu tu baada ya sikukuu. Mzee Simeoni naye, mtoto akiwa bado mikononi mwake, anamwambia Mariamu kwamba upanga utaingia moyoni mwake (Luka 2:35). Mashemeji wakikuletea 1 Wathesalonike 4:13, isomeni pamoja polepole: Paulo anakataza kuhuzunika “kama na wengine wasio na matumaini.” Kuhuzunika kwenyewe hakukukataza.

Kwa hiyo pilau ni hiari. Watoto wakitaka nguo mpya na uwezo ukiwepo, wavishe. Mtoto hulia asubuhi akacheza jioni, wala hamkosei baba yake. Siku yenyewe ya tarehe 25, ukiweza kuja kanisani, kaa karibu na mlango, na ukizidiwa toka bila kumwomba mtu ruhusa.

Sasa hiyo ibada. Imeenea zaidi katika makanisa ya Marekani, Kanada na Uingereza, na wengi huifanya tarehe 21 Desemba au karibu yake, kwa kuwa huko kaskazini huo ndio usiku mrefu kuliko yote. London siku hiyo mwanga haufiki muda wa saa 8. Hoja ya usiku mrefu tuwaachie wenyewe. Malindi iko kusini mwa ikweta, na kwetu mchana wa tarehe hiyo ndio mrefu, ijapokuwa kwa dakika chache tu. Lakini tarehe yenyewe inafaa kwa sababu nyingine. Kalenda ya zamani ya Kianglikana iliiweka siku hiyo kuwa ya Mtume Tomaso, ambaye hakuweza kuamini mpaka aone alama za misumari. Na katika desturi ya kanisa la Magharibi, sala ya jioni ya tarehe 21 humwita Kristo Macheo, aje awaangaze “wakaao katika giza na uvuli wa mauti,” maneno ya Luka 1:79. Msiifanye usiku wa tarehe 24. Kwaya zinafanya mazoezi, vipaza sauti vimefungwa, na mfiwa ataonekana kama mtu aliyekuja kuharibu mkesha wa wengine.

Anzeni saa kumi na mbili kasorobo jioni, mkae dakika 50, isizidi saa nzima. Jua litazama mkiwa ndani, nao akina mama watapata tuktuk za kurudi nyumbani mapema. Kabla ya kutangaza saa, ulizeni zamu za wanaofanya kazi hotelini. Desemba ndio mwezi wao wa kubanwa, na kuna wafiwa wengi kati yao.

Watu waingie kimya, bila msafara wa kwaya. Kiongozi aseme mambo matatu tu: hakuna atakayeitwa mbele, kulia ni ruhusa, kutoka nje ni ruhusa. Kisha Zaburi. Wengi huchagua ya 13 kwa kuwa inaanza na “Ee BWANA, hata lini” na kuishia kwenye wimbo. Mimi ningesoma ya 88, ambayo inaishia gizani, na ningemsihi msomaji anyamaze hapo hapo asiongeze neno la kuitengeneza. Mahubiri yawe dakika saba. Nyimbo mbili za Majilio, yale majuma ya kungoja Krismasi, zinatosha, ziimbwe kwa sauti ya chini.

Mishumaa ndiyo inayoleta ajali. Kaskazi imeshaanza kuvuma, basi fungeni madirisha ya upande huo na mzime feni kwa muda, hata kama joto litawasumbua. Chukueni karai pana, mtie mchanga mkavu wa pwani kina cha vidole vinne, mishumaa myembamba isimame humo bila kugusana. Mchanga mbichi usitumike, mishumaa hulala. Kama kanisa lenu limeezekwa makuti, msiwashe moto wa wazi kabisa. Tumieni taa za chemni, au tochi ndogo ndani ya bilauri. Leso na shela za nailoni hushika moto upesi, kwa hiyo mtu mmoja asimame kando ya karai muda wote, na ndoo ya maji iwe miguuni pake.

Mishumaa mikubwa iwe minne: wa kwanza kwa waliofariki, wa pili kwa waliopoteza ndoa, kazi au mimba, wa tatu kwa wagonjwa na waliochoka moyo, wa nne kwa wasioweza kuomba tena. Msitumie mshumaa mweupe wa katikati ya taji la Majilio. Huo unangoja Krismasi.

Halafu majina. Hapa ndipo ibada inaposimama au kuanguka. Wekeni kalamu na karatasi mlangoni, kila mtu aandike jina kwa herufi kubwa, na wasomaji wawili wayapitie kabla ya kuanza. Jina likisomwa vibaya mbele ya mama yake, hamtaweza kulirudisha. Msitie vyeo, awe diwani au mpagazi, ni jina tu. Mtu mwenye nyumba mbili asomwe mara moja, bila kutaja ni mume wa nani, la sivyo ugomvi wa urithi utaingia hadi madhabahuni. Aliyejiua asomwe pamoja na wengine. Mimba iliyotoka isomwe “mtoto wa” fulani. Majina 60 kwa mwendo wa pole huchukua kama dakika tano.

Kwa jambo lako, mama: sala ya kumkabidhi marehemu kwa Mungu haihitaji jeneza. Ufunuo 20:13 inasema, “Bahari ikawatoa wafu waliokuwa ndani yake.” Wakristo wa pwani hii wamewalilia mabaharia tangu zamani: mmisionari Fransisko Ksaveri alipopita Malindi mwaka 1542 alimzika hapa mmoja wa wenzake wa safari. Sheria ya Kenya hungoja miaka 7 kabla ya kumhesabu aliyepotea kuwa amekufa, lakini hiyo ni ya mahakama na mali. Maombi hayangoji. Ila zungumza kwanza na mama mkwe. Kama yeye bado anatazama upeo wa bahari kila asubuhi, jina la mwanawe lisisomwe kati ya wafu, lisomwe peke yake, “tunamwombea fulani aliyetoka baharini.”

Baada ya majina, kimya cha dakika tatu. Mpiga kinanda atataka kukijaza. Mwambieni mapema aondoe mikono. Kama msikiti uko jirani na adhana ya Magharibi ikaingia hapo, msihangaike. Wafiwa wako upande ule pia.

Meza ya Bwana nisingeiweka siku hiyo. Foleni humtoa mfiwa mafichoni, na walio chini ya nidhamu ya kanisa hubaki kwenye viti wakitazamwa. Neno, sala na baraka vinatosha. Kisha chai ya tangawizi na mahamri, bila hotuba.

Wafundisheni watakaosalimia watu mlangoni. Rafiki za Ayubu walikaa naye siku saba hawakusema neno (Ayubu 2:13), na walianza kukosea walipofungua vinywa. Maneno “Mungu alimpenda zaidi” na “kaza moyo, una watoto” yapigwe marufuku. “Pole,” na jina la marehemu, basi. Wasikilizaji wawili, mwanamke na mwanamume, wakae viti vya nyuma. Mtu akisema hataki kuishi tena, asiachwe peke yake hata dakika moja. Apelekwe hospitali usiku uleule, na maombi yaendelee njiani. Na kama atatokea wa kuwaambia wafiwa wafunge kula mpaka huzuni itoke, au waache dawa, mtoeni kwenye mimbari. Baada ya Shakahola ya mwaka 2023, ambako waumini wengi walikufa kwa kufunga kula, kanisa la Malindi halina kisingizio cha kunyamazia mafundisho hayo.

Karatasi za majina zisitupwe. Ziwekwe mpaka tarehe 28, zisomwe tena kwenye sala ya asubuhi. Na andikeni majina ya waliokuja pamoja na mitaa yao, ili wiki ya pili ya Januari, pilau ikiwa imeisha na karo za shule zimefika, wawili wawili mwende kuwaona.