Maandishi yenye ukungu kwenye Chrome

Dada, umesema maandishi yana ukungu kwenye kivinjari cha Chrome; maadamu ukungu uko huko tu na Word inasomeka vizuri, usikimbilie Kariakoo kubadilisha kioo cha kompyuta. Utauziwa tu, na shida itabaki palepale. Bonyeza Ctrl na 0 kwanza, ukubwa urudi asilimia 100. Bado? Ingia mipangilio ya Chrome, sehemu ya mfumo, zima matumizi ya kadi ya michoro, kisha uifunge Chrome na kuifungua upya. Kwenye hizi kompyuta zetu za mtumba, draiva ya zamani (programu inayoendesha kadi hiyo) ndiye mchawi wa kumshuku. Herufi zikiwa na meno kama msumeno, tafuta ClearType, ile ya kulainisha herufi, ndani ya Windows, iwashe, uchague sampuli inayokaa vizuri machoni pako. Rezolusheni (idadi ya nukta za kioo) weka ile inayopendekezwa na Windows yenyewe.