Kabla ya Kuteremka Mombasa na Injini ya Supachaja

Injini ya Toyota 4A-GZE ina lita 1.6 tu na silinda nne, lakini ilitoka kiwandani ikiwa na supachaja yake, yaani pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na ndiyo niliyoifunga katika Corolla yangu baada ya kuipata miongoni mwa injini kuukuu zinazoletwa kutoka Japani. Nilipoondoa puli ya supachaja na kuweka ndogo zaidi ili izunguke kwa kasi, fundi wangu wa Nairobi alipima, akaona kwamba injekta za awali, yaani vinyunyizio vya petroli, zinazopitisha takriban sentimita za ujazo 365 kwa dakika kila moja, zinafunguka kwa asilimia 75 tu ya muda, akaniambia zitatosha. Kwa Nairobi alisema kweli. Kosa letu sote wawili lilikuwa kutoulizana gari litaendeshwa wapi.

Desemba hiyo niliteremka pwani. Baada ya Taru, nikilipita lori kwa gia ya tatu huku nimekanyaga mafuta hadi mwisho, nilisikia mlio kama wa kokoto zinazotikiswa mkebeni. Geji ya sensa ya oksijeni ilionyesha sehemu 13.6 za hewa kwa moja ya petroli, ilhali Nairobi, kwa mwendo huohuo, haikuwahi kupita 11.8; yaani petroli ilikuwa imepungua mno kwa hewa iliyoingia. Niliachia mguu mara moja, lakini nilikuwa nimechelewa. Mariakani nilifungua plagi ya silinda ya tatu, nikakuta kauri yake nyeupe imetapakaa vichembe vya kijivu, mfano wa pilipili manga iliyosagwa. Vichembe hivyo vilikuwa alumini ya pistoni.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni karibu kilopaskali 83, wakati Mombasa ni 101. Supachaja inayozungushwa na mkanda wa injini humeza ujazo uleule wa hewa kila inapozunguka, iwe Nairobi au Likoni; kinachobadilika ni uzito wa hewa iliyomo ndani ya ujazo huo. Injini iliyozoea hewa ya Nairobi hupata pwani hewa zaidi kwa karibu asilimia 20, nayo hudai petroli zaidi kwa kiasi hichohicho. Isitoshe, kompyuta niliyofunga hupima shinikizo ndani ya manifoldi, bomba linalogawia silinda hewa, na kwa kuwa Nairobi shinikizo hilo halikupita kilopaskali 125, safu zote za jedwali la mafuta, linaloiambia kompyuta itoe petroli kiasi gani kwa kila shinikizo, zilizo juu ya hapo zilikuwa za kubahatisha. Nilipofika tambarare, injini iliingia kwenye 150, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kupapima.

Kwa hiyo hesabu ya injekta ifanywe kwa hewa nzito kuliko zote utakazokutana nazo. Mimi hukadiria kwamba injini ya supachaja hutumia sentimita za ujazo 6.3 za petroli kwa dakika kwa kila nguvu moja ya farasi. Nguvu 210 nilizotarajia pwani zinahitaji 1,323, yaani 331 kwa kila injekta, na kwa kuwa sipendi injekta ifunguke zaidi ya asilimia 80 ya muda, nilipata 413. Nikanunua za 440. Wapo watakaokushauri uweke za 1,000 ili usihangaike tena; mimi siafiki, kwani injekta kubwa mno huwa ngumu kudhibiti injini inapounguruma pole gari likiwa limesimama.

Kabla ya kuzifunga, zipime kwa ohm. Zenye 12 hadi 16 huendeshwa na kompyuta nyingi bila tatizo, lakini zenye 2 au 3 huhitaji rezista au kompyuta iliyoundwa kwa ajili yake. Zipeleke pia kwenye mashine ya kupima mtiririko, kwa maana injekta moja inayopitisha petroli kidogo kuliko wenzake itaumiza silinda yake peke yake, huku sensa iliyoko kwenye ekzosi ikikuonyesha wastani wa kupendeza wa silinda zote nne. Presha ya mafuta nayo iangaliwe gari likiwa na mzigo: inapaswa kupanda sambamba na presha ya supachaja, na ikibaki palepale, pampu imechoka au mpira wa regyuleta, kifaa kinachorekebisha presha hiyo, umepasuka.

Kilichonisumbua zaidi baada ya kuzifunga kilikuwa muda mfupi ambao injekta huchukua kufunguka baada ya kupata umeme, muda ambao huongezeka volti zinaposhuka. Kila nilipowasha taa na feni, injini ilitetemeka karibu kuzimika. Nilihangaika siku mbili na jedwali la mafuta bure, kumbe nilipaswa kuingiza katika kompyuta vipimo vya injekta zile kwa kila kiwango cha volti. Muuzaji asiyeweza kukupa vipimo hivyo, mwache na bidhaa yake.

Safu za juu nilizijaza kwa hesabu nikiwa Nairobi, nikizizidishia mafuta kwa makusudi, kisha nikateremka na kompyuta ya mkononi, rafiki yangu akiendesha. Tulipunguza asilimia 4 katika safu ya 150, geji ikatulia kwenye 11.7, na injekta hazikupita asilimia 76. Plagi ya silinda ya tatu niliifungua tena palepale Mariakani. Kauri yake ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.