Pointi gadi kijana kwenye timu mpya: wenzako kwanza

Kijana akisaini timu ya kulipwa kwa mara ya kwanza, swali lake karibu kila mara ni moja: nifanye nini waone uwezo wangu? Kama wewe ni pointi gadi, yule mpangaji wa mashambulizi kwenye mpira wa kikapu, acha kujiuliza hivyo. Uwezo wako wameshauona. Wameangalia video zako, wamewapigia simu makocha waliokulea, ndipo wakakupa mkataba. Wasichokijua bado ni kama wale wengine wanne watacheza vizuri zaidi ukiwa uwanjani. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kwenye nafasi yetu hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Nasema yetu kwa sababu nimeicheza miaka mingi, nimehama timu zaidi ya mara moja, na sasa nawanoa vijana wanaoicheza. Fowadi akihamia timu mpya anaweza kujificha kidogo. Anakaa kona, anasubiri pasi, anarusha, anakimbia kurudi kukaba. Wewe huna pa kujificha. Mpira unaanzia mkononi mwako, na kila uamuzi wako unamgusa mtu: nani arushe mara nyingi, nani aonekane, nani aongezewe mkataba msimu ujao. Ndiyo maana wakongwe hukukazia macho siku za mwanzo. Hawakuchukii, wanapiga hesabu za riziki yao.

Anza na seti za timu, yaani mashambulizi yaliyopangwa na kupewa majina, na usijifunze sehemu yako tu. Jifunze zote tano. Katikati ya mechi mtu akisahau pa kusimama hatamtazama kocha, atakutazama wewe. Halafu majina hubadilika. Seti uliyoizoea kwa ishara ya ngumi huko ulikotoka, hapa huenda inaitwa kwa rangi au namba, na ile ngumi ni seti nyingine kabisa. Mimi nilikuwa nachora kila seti kwenye karatasi tupu usiku, bila kuchungulia popote. Nikikwama kwa mchezaji mmoja tu, nahesabu kwamba sijaijua.

Haraka hii yote inatokana na saa. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mna sekunde 24 za kushambulia, na ndani ya 8 za kwanza mpira uwe umevuka nusu ya uwanja. Ukivuka taratibu, ukageuka kumsikiliza kocha, ukanyoosha kidole, saa inasoma 14 na bado hakuna aliyesogea. Skrini ya kwanza (mwenzako anaposimama kumzibia mlinzi njia) ikizimwa, ya pili haina muda. Kwa hiyo ita seti kabla hujafika mstari wa kati, kwa sauti na kwa mkono, maana ukumbi ukijaa sauti peke yake haifiki. Najua vijana wengi huona aibu kumpigia kelele mtu aliyewazidi miaka kumi. Pigeni tu. Mkongwe hukasirika zaidi asipojua tunacheza nini.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe hasa, ambayo hutaikuta kwenye seti yoyote. Kuna senta, mchezaji wa karibu na kikapu, niliyecheza naye, mtu mrefu wa maneno machache. Baada ya mazoezi yangu ya kwanza pale alinifuata akaniambia, "Dogo, pasi ya kudunda sitaki. Mpaka niiname, niinuke, watu watatu wapo juu yangu. Nirushie juu, usawa wa pete, mimi nitaifuata." Akaenda zake kuoga. Nilijifunza mengi kwa sentensi hizo kuliko kwa kikao chochote cha video. Kuanzia hapo nikawa namuuliza kila mmoja anapenda mpira umfikie wapi na vipi. Mrushaji wetu wa pointi tatu alitaka umkute kifuani, tena miguu ikiwa tayari imekaa. Ukimfikia magotini, ilikuwa afadhali usimpe kabisa. Mwingine hakupenda kupokea akiwa amesimama. Alitaka mpira umkute anatoka mbio nyuma ya skrini, akigeuka kwa bega la kushoto. Hakuna atakayekuandikia mambo haya. Uliza, kisha baki na mtu huyo dakika chache baada ya mazoezi mrudierudie mpaka mkono uzoee.

Skrini ndiyo inayomuumbua mgeni mapema. Kijana anayetoka timu za vijana huwa na haraka, anaondoka kabla senta hajasimama. Senta naye anasogea kumfuata, filimbi inalia, na kosa anaandikiwa senta, si wewe. Kwa FIBA makosa matano yanamtoa mtu mchezoni, kwa hiyo haraka yako inamkalisha mwenzako benchi. Msubiri asimame. Mwenye kazi ya kumleta mlinzi wako kwenye ule mwili ni wewe, kwa hiyo pita bega kwa bega na senta wako pasibaki upenyo. Ukishapita, usimtazame aliyekuwa anakukaba, mtazame anayemkaba senta. Amebaki nyuma akilinda pete? Amepanda kukubana? Wamebadilishana? Kila jibu lina pasi yake, na pasi hiyo hutegemea tena senta mwenyewe, kama ni wa kukimbilia kikapuni au wa kujitokeza nje arushe.

Kuhusu ukabaji sina mengi: bana mwenye mpira kwa dakika zote unazopewa na usipoteze mpira kizembe. Kocha humvumilia kijana aliyekosa kikapu. Aliyegawa mpira kwa wapinzani mara mbili mfululizo anaitwa akae.

Je, kama nafasi yako ina mwenyewe? Shai Gilgeous-Alexander alifika timu ya NBA ya Oklahoma City mwaka 2019 na kumkuta Chris Paul, pointi gadi mkongwe, ambaye naye ndiyo kwanza amefika. Msimu ule alicheza sana bila mpira mkononi, akikata, akipokea, akishambulia ulinzi ulioshavurugwa na mwenzake. Mwaka 2025, kwa jezi ileile, alikuwa bingwa na mchezaji bora wa NBA. Lakini si kila mara uvumilivu unatosha. Tyrese Haliburton alichaguliwa na Sacramento mwaka 2020 kwenye timu iliyokuwa tayari na pointi gadi wake, De'Aaron Fox. Februari 2022 akapelekwa Indiana, akakabidhiwa usukani, na mwaka 2025 akaifikisha fainali. Chauncey Billups alichezea Boston, Toronto, Denver na Minnesota kabla ya Detroit kumchukua mwaka 2002. Miaka miwili baadaye akawa mchezaji bora wa fainali. Kwa hiyo ukiona mambo hayakai sawa, usikimbilie kusema hujui mpira, wala usikimbilie kusema kocha hakupendi. (Ndugu na marafiki watakwambia hilo la pili kila siku kwenye simu. Wapende, ila usiwabebe mpaka chumba cha kubadilishia nguo.)

Kocha mwulize jambo linalojibika. "Kwa nini sichezi?" humfanya ajitetee. "Nikiingia robo ya pili, unataka niharakishe mchezo au niutulize?" humfanya akufundishe. Akishajibu, fanya hilo hata kama ukiwa peke yako ungecheza vingine.

Na baada ya kukuhubiria wenzako, wenzako, naongeza hili kwa sababu vijana wasikivu hulikosea sana: rusha. Wapinzani wakishakusoma kwamba unatafuta pasi tu, mlinzi wako ataanza kupita nyuma ya skrini na kukusubiri ndani, na yule senta aliyetaka mpira juu atakuta watu wawili wamesimama kwenye njia yake. Mlinzi akipita nyuma, mpira uutoe hapohapo kwenda kikapuni, hata kama miwili iliyotangulia imegonga chuma. Ukiingia mmoja, safari ijayo atalazimika kupita mbele ya skrini, na njia ya senta itafunguka.