Maswali Yenu: Siku Nne Monasterini

Katika toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba kila mwaka hujipa siku chache za mafungo katika monasteri ya masista. Sikutegemea barua zote zilizofuata. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu ilinigusa, na kwa sababu najua waliopo katika hali ya aliyeiandika si wachache.

*Shikamoo Mama. Nilimuuguza mama yangu miaka miwili hadi alipofariki, yapata miezi minane sasa. Tangu msiba sijakaa peke yangu hata siku moja: watu, simu, kazi, watoto. Nimepata likizo ya siku nne na ninataka kwenda monasteri nikatulie. Wadogo zangu wanasema nakimbia matatizo. Mimi mwenyewe naogopa mambo mawili. Sijui kusali kama wamonaki, na sijui nitafanya nini na kimya chote kile. Niende? – Kifungua Mimba*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Miaka miwili ya kuuguza haiishi siku ya mazishi. Mwili unaendelea kuamka usiku kusikiliza kama mgonjwa ameita. Nenda.

Nakujibu bila kusita kwa sababu mafungo yangu ya kwanza niliyafanya baada ya kumzika mama yangu, nami nilikwenda bila mtu wa kuniambia siku zenyewe huwa zinakwendaje. Basi nikuambie.

Siku ya kwanza utalala. Sista wa wageni atakupokea, atakuonyesha chumba: kitanda, meza, kiti, msalaba ukutani, na nyuma ya mlango karatasi ya ratiba ya sala. Ukiisoma karatasi hiyo utashtuka. Mtakatifu Benedikto, aliyeandika katika karne ya 6 Kanuni yake, kitabu cha taratibu za maisha ya monasteri, alichukua neno la Zaburi ya 119 kuhusu kumsifu Mungu mara saba kwa siku, akapanga sala saba za mchana, kisha akaongeza moja ya usiku. Monasteri nyingi za leo zimeunganisha baadhi ya vipindi, lakini bado kengele inalia kabla hakujapambazuka, na inalia tena na tena mpaka giza linaingia. Usijaribu kuhudhuria vyote. Chagua viwili, Masifu ya Jioni na sala ya kabla ya kulala, uvishike kwa uaminifu. Saa nyingine ukiona usingizi unakuita, itika. Umekuwa na deni la usingizi kwa miaka miwili.

Kuhusu kusali kama wao. Ukifungua kitabu cha zaburi utaona nyota ndogo katikati ya kila mstari. Hapo wananyamaza. Si kule kunyamaza kwa kuvuta hewa haraka uendelee; ni kimya kamili, pumzi nzima moja, ndipo upande ulioanza, maana wanaketi pande mbili wakipokezana mistari, unamalizia mstari, na upande wa pili unapokea wa kwake bila kungoja. Sisi wa nje tumezoea kusoma kwa kukimbilia nukta. Jioni yangu ya kwanza niliipita ile nyota, na sauti yangu ikabaki peke yake kanisani. Sista mzee aliyesimama pembeni yangu hakunigeukia. Alisogeza kitabu chake kidogo upande wangu, akaweka kidole juu ya nyota, akakiacha pale mpaka waliponyamaza na kuendelea. Mstari uliofuata akakisogeza kwenye nyota nyingine. Kidole chenyewe kilikuwa kimepinda kwenye kiungo na kilitetemeka kidogo. Tulipofika zaburi ya tatu nilikuwa nanyamaza nao, naye akakiondoa.

Hivyo ndivyo utakavyofundishwa, kama utahitaji kufundishwa. Hakuna atakayekupima. Na midomo ikikataa kufunguka, keti usikilize, waache wao wakusalie. Kanuni inataka zaburi zote 150 zipite katika wiki moja. Siku hizi ziko monasteri zinazozigawa kwa wiki mbili. Katika hizo 150 kuna wanaoshangilia, lakini wapo pia wenye hasira, waliosalitiwa, waliolia mpaka kitanda kikalowa. Zaburi ya 88 haina faraja hata mwishoni, inaishia gizani. Niliposikia watu wazima wameketi pande mbili wakiimba maneno hayo taratibu, bila kuyalainisha, nilijisikia kwa mara ya kwanza tangu msiba kwamba sikuwa na la kuficha mahali pale.

Sasa hicho kimya. Sitakudanganya: siku ya pili ni ngumu. Usingizi umekwisha, simu umeizima, na yale uliyoyafunika kwa kazi yanaanza kupanda. Mimi hakikunijia kifo chenyewe. Ulinijia usiku mmoja, wiki tatu kabla, nilipomjibu mama kwa ukali kwa sababu alikuwa ameomba maji kwa mara ya nne. Nyumbani sikuwahi kuukumbuka usiku ule. Pale, saa tisa alasiri, niliuona wote: taa ya korido, kikombe, uso wake. Nikaweka begi juu ya kitanda, nikapanga nguo zote ndani na kulifunga. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango kengele ilipolia. Nikaona si adabu kuondoka wakati wenyeji wako kwenye sala, nikaingia kanisani kungoja wamalize. Baada ya sala nilimkuta sista wa wageni nikamweleza. Aliniuliza swali moja tu: “Maji ulimpa?” Nilimpa. Akaketi nami kwenye benchi, hakuongeza neno, mpaka nilipoinuka mwenyewe. Begi nikalifungua tena.

Kwa hiyo unapoandika kuomba nafasi, taja sababu yako waziwazi. Sema nimefiwa, sema nimechoka. Uliza kama kuna sista au padre wa kuzungumza naye nusu saa kwa siku. Hilo usiliache. Siku nne za kimya bila mtu hata mmoja wa kumwambia kilichopanda, kwa aliyefiwa karibuni, mimi sizipendi. Na kama hulali kabisa, huli, au mawazo ya kutaka kufa yanakupitia, mwone daktari kwanza, monasteri itakungoja. Kama unatumia dawa, nenda nazo na uzimeze kama kawaida.

Mengine ni mepesi. Beba kitabu kimoja, si vitano. Ukiwa na vitano utasoma ili usisikie. Beba viatu visivyogonga sakafu, na kitu cha kujifunika mabegani, maana makanisa ya mawe huwa na baridi alfajiri. Mezani kwa kawaida hakuna mazungumzo, mtu mmoja anasoma kwa sauti wengine wanakula. Kanuni inataka walaji wapeane vitu bila mtu kulazimika kuomba, kwa hiyo tazama jirani yako kapungukiwa nini, umsogezee jagi. Utashangaa jinsi ilivyo faraja, kwa mtu aliyehudumia peke yake miaka miwili, kuona chumvi inamfikia kabla hajanyoosha mkono. Kuhusu malipo, nyumba nyingine hutaja kiasi, nyingine husema toa unachoweza. Ukisikia hilo la pili, uliza gharama ya mgeni mmoja kwa siku ni ngapi, ndipo uamue. Wanaishi kwa kazi ya mikono yao.

Wadogo zako waachie tarehe ya kurudi na namba ya nyumba ya wageni kwa dharura. Si lazima waelewe sasa.

*Mama, hujambo. Mwezi uliopita nilitembelea monasteri pamoja na wenzangu. Njiani kwenye bustani nikamsalimu mmonaki, nikamuuliza ameishi pale miaka mingapi. Aliinamisha kichwa, akatabasamu, akapita. Mpaka leo naona aibu. Nilimkosea nini? – Mpita Njia*

Sijambo, ndugu yangu. Hukumkosea lolote, wala yeye hakukudharau. Sura ya 53 ya Kanuni ya Benedikto inahusu wageni. Inaanza kwa kusema kwamba wageni wote wapokelewe kama Kristo mwenyewe. Halafu sura hiyohiyo, kuelekea mwisho, inasema mmonaki ambaye hajapewa kazi ya wageni asikae kuzungumza nao. Akikutana nao awasalimu kwa unyenyekevu, aombe baraka, apite. Ulichokiona bustanini ndicho hicho, kimetendwa karibu miaka 1,500 baada ya kuandikwa. Wageni ni wengi, na kila mmoja ana swali zuri kama lako. Bruda akisimama kwa kila mmoja, kazi na sala vitakwisha. Ndiyo maana nyumba huteua mmoja wa kuwapokea, na huyo muulize chochote, hata miaka mingapi.

Wala usidhani kimya chao hakina moyo. Sura ya 42 inakataza kabisa kuzungumza baada ya sala ya mwisho ya siku, na inataja mambo mawili tu yanayoweza kuvunja kimya hicho: amri ya abate, yaani mkuu wa monasteri, na mgeni mwenye shida. Ukiugua usiku, gonga mlango.

*Shikamoo Mama. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha vijana, watu 40. Tunataka kutembelea monasteri, tuone ndani wanavyoishi, tupige picha, halafu tufanye na mafungo humohumo, yote siku moja. Baadhi yetu si Wakatoliki na wawili ni Waislamu. Inawezekana? – Katibu*

Marahaba, Katibu. Ninapenda bidii yako, lakini hapo umefunga mizigo miwili kwa kamba moja. Ziara ni saa mbili za kuonyeshwa na kuuliza. Mafungo ni kukaa. Watu 40 waliotoka kupiga picha hawawezi kunyamaza kwa amri saa nane mchana. Anzeni na ziara. Watakaoguswa, na huwa watatu au wanne, warudi baadaye wenyewe kwa mafungo.

Kabla ya kuahidi mtu chochote, uliza nyumba yenyewe inapokea nini, kwa sababu monasteri hazifanani hata kidogo. Wabenediktini wana desturi ndefu ya kupokea wageni. Wakartusi, walioanzishwa na Mtakatifu Bruno mwaka 1084 katika milima ya Ufaransa, hawafungui mlango kwa watalii: anayefika Grande Chartreuse, monasteri yao kuu, huishia kwenye jumba la makumbusho lililo mbali kidogo na monasteri. Mlima Athos kule Ugiriki una monasteri 20 za Kiorthodoksi, unaingia kwa kibali maalumu, na wanawake hawaruhusiwi kabisa. Debre Damo ya Ethiopia nayo ni ya wanaume tu, nao hupandishwa juu ya jabali kwa kamba. Uliza mapema ili msichana wa kikundi chako asije akaambiwa langoni abaki nje.

Hiyo “ndani” mnayotaka kuiona, huenda msiione. Kila monasteri ina sehemu ya faragha, ambako wanalala, wanakula na kutembea kimya, na kamba au kibao kidogo kwenye korido ndicho mpaka. Msichungulie. Ni nyumbani kwa watu. Picha piga za jengo na bustani baada ya kuruhusiwa; mtu anayesali usimpige kabisa, hata kama mwanga umempata vizuri dirishani. Simu zizimwe kabla ya mlango wa kanisa, si baada ya moja kulia.

Wasio Wakatoliki waje wote. Sura niliyoitaja imesema wageni wote. Hao vijana wawili wa Kiislamu waambie mapema kwamba wanaweza kuketi nyuma wakati wa sala bila kupiga magoti wala kuitikia, na umwulize bruda wa wageni kama kuna chumba tulivu cha wao kuswalia wakati wao ukifika. Mimi niliwahi kuona mgeni akiuliza hivyo, akapewa chumba safi na jagi la maji la kutawadhia kabla hajamaliza sentensi.

Nakuomba jambo moja: panga ziara iangukie kwenye kipindi cha sala, hata kile kifupi cha adhuhuri, chini ya dakika 15. Kundi linaloona nguzo, maktaba na duka bila kusikia zaburi moja limekwenda kuangalia kisima halikunywa maji. Dukani nunueni. Benedikto aliagiza bidhaa za monasteri ziuzwe kwa bei ya chini kidogo kuliko ya watu wa nje, ili tamaa isiingie, kwa hiyo kuomba kupunguziwa tena hakupendezi.

Ukiandika kuomba nafasi, toa idadi kamili, saa ya kufika na ya kuondoka, na uheshimu zote mbili. Chelewa nusu saa na mtakuta mwenyeji wenu yuko kanisani. Kanuni inataka mlangoni awekwe mzee mwenye busara, na kila anayebisha hodi aitikiwe kwa maneno ya kumshukuru Mungu. Kwa hiyo mkifika, pigeni kengele mara moja tu, msubiri. Anayekuja kufungua anaweza kuwa mzee kweli, na korido ni ndefu.