Siku tano zilitosha Samoa mwaka 1918. Mbona hazikutosha kwa UVIKO-19?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Pemba. Nimesoma kwamba homa ya mafua ya mwaka 1918 iliangamiza watu Samoa ya Magharibi, ilhali Samoa ya Marekani, jirani yake kabisa, haikupoteza mtu kwa sababu meli ziliwekwa karantini siku tano. Wakati wa UVIKO-19 visiwa vya Pasifiki viliwazuia wageni wiki mbili na zaidi. Tofauti hiyo inatoka wapi?

JIBU: Marahaba mwalimu. Inatoka kwenye kirusi chenyewe. Siku za karantini hufuata muda ambao kirusi hukaa mwilini kimya kabla mtu hajaanza kuugua. Mafua hujitokeza ndani ya siku 1 hadi 4, kwa hiyo ukimzuia msafiri siku tano, aliyeambukizwa atakuwa ameshaanza kukohoa mbele ya macho yako. UVIKO-19 ulipoanza ulichukua wastani wa siku 5, na kwa wachache ulifika hadi siku 14. Ndiko zilikotoka wiki mbili.

Ila hesabu hii ina sharti ambalo husahaulika: asiwepo anayeambukizwa upya humo humo karantini. Wawili wakilala chumba kimoja, mmoja akamwambukiza mwenzake siku ya nne, huyo wa pili anaanza kuhesabiwa siku hiyo ya nne, si siku waliyoingia. Huenda Kiribati, nchi ya visiwa vya Pasifiki, iliyaona haya Januari 2022. Ndege ilitoka Fiji na abiria 54 waliochanjwa, waliokuwa wametengwa na kupimwa zaidi ya mara moja, majibu yakawa hasi. Walipopimwa baada ya kutua, 36 walikuwa na virusi.

Sasa turudi 1918. Meli ya Talune ilitoka Auckland, New Zealand, ikiwa na wagonjwa, ikatia nanga Apia, bandari kuu ya Samoa ya Magharibi, tarehe 7 Novemba, na abiria wakaruhusiwa kushuka. Inakadiriwa kwamba watu 8,500 walikufa kati ya 38,000 hivi, zaidi ya mmoja katika kila watano. Si virusi peke yake vilivyoua. Karibu kila mtu mzima aliugua wiki zile zile, nyumba zikakosa hata mmoja wa kuteka maji, kupika, au kumgeuza mgonjwa ubavu. Homa ambayo mtu angeiponea kwa uji na maji ya kunywa ikamuua akiwa peke yake. Naomba jambo hili lisikupite darasani, kwa maana ugonjwa ukienea polepole huwabakiza watu wazima wa kuwauguza wengine.

Upande wa pili, gavana John Poyer wa Samoa ya Marekani alipata habari kwa redio akazizuia meli zilizotoka Apia. Kwa maoni yangu, hizo siku tano hazikuwa na kazi kubwa kama ile ya wanavijiji waliolinda fukwe zao. Bandari moja ni rahisi kuifunga. Mitumbwi inayovuka usiku kwenda kuwaona ndugu haizuiwi na amri ya gavana, inazuiwa na watu wa pwani waliokubali kulinda. Poyer alitaka kuwapelekea msaada wa matibabu majirani, lakini Kanali Robert Logan, aliyeitawala Samoa ya Magharibi kwa niaba ya New Zealand, hakuupokea. Helen Clark, akiwa Waziri Mkuu wa New Zealand, aliomba radhi kwa niaba ya nchi yake mwaka 2002.

Samoa ya Magharibi sasa ni nchi huru iitwayo Samoa tu, na karne moja baadaye ilipata pigo jingine. Mwishoni mwa 2019 surua iliua watu 83 huko, wengi wao watoto wadogo, kwa sababu kiwango cha chanjo kilikuwa kimeshuka mno. Serikali ikasimamisha shughuli zote kwa siku mbili, na kaya zenye mtu asiyechanjwa zikaambiwa zitundike kitambaa chekundu mbele ya nyumba ili wachanjaji wajue pa kuingia. Miezi michache baadaye, Machi 2020, nchi ikafunga mipaka. Miaka miwili hiyo ya kufunga ilitumika kuchanja. UVIKO-19 ulipoanza kuenea mitaani Machi 2022, watu wazima wengi walikuwa wameshachanjwa, na vifo vilivyorekodiwa ni 30 hivi katika nchi ya watu wapatao 200,000.