Mpaka miezi mitano alikuwa haumwi, sasa kila wiki mafua

SWALI: Shikamoo dada. Nipo Katubuka hapa Kigoma mjini, mwanangu wa kiume ana miezi saba. Tangu azaliwe mpaka miezi mitano alikuwa haumwi kabisa, majirani wanashangaa, sasa hivi ni mafua, kikohozi, tumbo, wiki mbili hazipiti. Mama mkwe anasema maziwa yangu yameisha nguvu nimwachishe, duka la dawa wameniuzia sirapu ya kuongeza kinga kwa elfu kumi na tano. Na mtaa wa pili kuna mtoto ana surua, nimeenda kliniki kuomba wangu achanjwe wakanirudisha eti hajafikisha miezi tisa. Kwanini wamkatalie wakati ugonjwa uko mlangoni?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole, kukesha na mtoto aliyeziba pua nakujua. Kwanza kabisa usimwachishe.

Mtoto wako alizaliwa na kinga ya kuazima. Ile miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito mwili wako ulikuwa unampitishia kingamwili zako (vile vitu vidogo vya damuni ambavyo mwili unatengeneza kukamata vijidudu) kwenye kondo la nyuma, za magonjwa uliyowahi kuumwa wewe tangu utotoni na za chanjo ulizochoma, mpaka ile ya pepopunda uliyochomwa kliniki ukiwa na mimba (ndio maana njiti huwa tunawaangalia sana, wametoka kabla hawajamaliza kupokea). Sasa zile kingamwili hatengenezi yeye, amepewa tu, na zinapungua nusu kila baada ya wiki tatu hivi. Hesabu mwenyewe, mpaka miezi sita zimepungua nusu mara nane, yaani zimebaki kidogo sana, na ndio umri huohuo anaanza kutambaa na kutia kila kitu mdomoni. Kwa hiyo kinga yake haijaharibika, ya kwako ndio inaisha na ya kwake ndio inajengwa.

Na inajengwaje? Kila kijidudu kina alama zake mwilini mwake, hizo alama ndio zinaitwa antijeni. Fikiria unavyochambua mitumba pale soko la Mwanga, nguo zimeshashonwa tayari, kazi yako ni kupekua rundo mpaka upate inayokukaa. Mtoto naye ana seli nyeupe mamilioni kwa mamilioni, kila moja imeshabeba umbo lake la kingamwili hata kabla hajakutana na ugonjwa wowote. Kijidudu kikiingia, seli zenye umbo linaloendana na ile alama ndio zinaamka, zinazaliana kwa wingi, halafu zinarekebishwa kidogokidogo kama fundi anavyopunguza kiuno cha suruali mpaka ikae sawasawa. Mara ya kwanza hii kazi inachukua wiki moja mpaka mbili, na hapo katikati ndio mtoto anaumwa. Baadhi ya zile seli zinabaki zimehifadhiwa, kijidudu hichohicho kikirudi siku chache tu zinatosha. Ukiangalia kadi yake utaona ile chanjo ya paja imerudiwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, sio kwamba ya kwanza ilikuwa mbovu, ndio huko kupekua na kurekebisha.

Sasa surua. Chanjo yake ni kirusi hai kilichodhoofishwa, ili ifanye kazi lazima kile kirusi kizaliane kidogo mwilini mtoto akijue. Akichomwa mapema mno, mabaki ya kingamwili zako yanaweza kukikamata na kukimaliza kabla mwili wake haujakiona, kadi itajazwa kwamba amechanjwa na kumbe hana kinga. Ndio maana ni miezi 9, halafu anarudia miezi 18. Kukiwa na mlipuko wataalamu wanaweza kuamua watoto kuanzia miezi 6 wachanjwe, ila hiyo haihesabiwi, akifika tisa anachomwa tena. Kwa hiyo rudi kliniki uwaambie habari za yule mtoto wa mtaa wa pili, usinyamaze, taarifa kama hizo ndio zinafanya waamue. Wako asiende nyumba ile kabisa, surua inasafiri kwa hewa. Ukiona homa kali, macho mekundu na upele unaoanzia usoni mwahishe hospitali.

Hiyo sirapu usinunue tena, na hela hiyo imenisikitisha kweli. Nunua dagaa uwasage vizuri umchanganyie kwenye uji, tia mawese kijiko, na muulize nesi kama ameshapewa matone ya vitamini A, yanaanza miezi 6. Maziwa yako bado yana kingamwili za aina nyingine zinazokaa kooni na tumboni kwake, endelea nayo mpaka miaka miwili.

SWALI: Binti yangu wa miaka minne alipimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka akakutwa nayo, akamaliza dawa mseto siku tatu, akapona. Siku ya kumi kapata mafua nikampima tena, mistari miwili! Dawa ilikuwa feki au nimpe dozi nyingine? Baba S, Uvinza.

JIBU: Usimpe dozi nyingine kwa kipimo hicho peke yake. Pale kwenye mstari wa pili wa kile kipande zimepakwa kingamwili zilizotengenezwa kukamata antijeni ya kimelea cha malaria, damu ikipanda pale zikaikamata mstari unatokea. Sasa dawa imeua vimelea lakini antijeni yao inabaki kwenye damu wiki mbili, tatu, hata mwezi, kama ndoo ya dagaa, umeshawatoa na harufu bado ipo. Mpeleke kituo chenye hadubini waangalie kama kuna vimelea vyenyewe. Na kama ana homa nenda leoleo.

Hapa niongeze jambo, maana linawatesa akina mama wengi na wanaona aibu kuuliza. Kipimo cha haraka cha VVU kinafanana kwa macho na hicho cha malaria lakini chenyewe kinatafuta kingamwili. Mtoto wa mama mwenye VVU anaweza kuonyesha mstari kwa sababu ya kingamwili za mama yake tu na yeye hana kirusi, hali hiyo inaweza kukaa mpaka miezi 18. Ndio maana akiwa na wiki 6 anachomwa kisigino, damu inadondoshewa kwenye karatasi na kupelekwa maabara wakatafute kirusi chenyewe. Mama usikate tamaa kwa mstari ule, subiri majibu ya karatasi.

SWALI: Kijana wangu yuko chuo Arusha mwaka wa tatu, karudi likizo hapa Ujiji akalazwa na malaria kali, wadogo zake wanaolala chumba kimoja naye wazima. Inakuwaje? Mzee wa Ujiji.

JIBU: Shikamoo mzee wangu, pole kwa kuuguza. Kinga ya malaria haifanani na ya surua. Kimelea kina jeni kama 60 za kubadilishia alama anazoziweka juu ya chembe ya damu, mwili ukiijua moja anavaa nyingine, kwa hiyo mtu anajenga kinga kwa kuumwa mara nyingi na haizuii kuambukizwa, inazuia tu kuugua sana. Kwamba kingamwili zinahusika ilionekana Gambia mwaka 1961, Sydney Cohen na Ian McGregor na wenzao walichukua kingamwili za watu wazima wa huko wakawapa watoto wagonjwa wa malaria, vimelea vikapungua. Ila kinga hii usipoendelea kukutana na kimelea inafifia, na Arusha mjini malaria ni chache. Wale wadogo zake huenda hata wanavyo vimelea damuni na wanacheza mpira.

Kwahiyo huyo kijana akija alale kwenye chandarua kama mgeni. Na homa inaanza wiki moja au mbili baada ya kuumwa na mbu, wakati mwingine zaidi, anaweza kuugulia hukohuko chuoni, basi amwambie daktari mapema kwamba ametoka Kigoma apimwe malaria.